Kaye yangu ya sambaza na mchoro wa nukta: kwa nini bei inapanda na kushuka hivi?

#1 Muuza_Sambaza_Nguba
Jambo wote. Ninauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu, hapa Bukavu, soko la Nguba, tangu 2019. Kila siku ya kazi ninaandika katika kaye, yaani daftari: tarehe, bei ya kilo niliyonunulia asubuhi kwa wavuvi, kilo nilizobeba, na kilo zilizobaki jioni. Mtoto wa yaya wangu (ndugu yangu mkubwa) anasoma chuo. Amenisaidia kuingiza mwaka mzima wa 2024 katika Excel ya simu. Akatengeneza mchoro wa nukta: chini tarehe, pembeni bei. Siku 203, nukta 203.

Nilitegemea kuona bei inapanda tu, maana ndivyo sisi wote sokoni tunavyolalamika. Lakini nimeona mawimbi. Nukta zinakusanyika chini karibu na faranga 6,000, zinapanda hadi 10,500 au 11,000, halafu zinarudi chini. Nimehesabu vilima 12.

Ninauliza kwa sababu ya deni. Mwezi wa tisa nilichukua pesa ya likelemba (mchango wa kupokezana), nikanunua nyingi kwa 10,500. Siku ya tatu bei ikaanguka, nikabaki ninakausha samaki ambaye hata akikauka harudishi nilicholipa. Nikijua kilima kinatoka wapi, nitajua siku ya kununua kidogo. Aksanti.

#2 Mwana_Kadutu
Mama, jibu liko wazi. Vilima 12, miezi 12. Ni mshahara. Watu wakilipwa wanakula samaki, pesa ikiisha wanarudi kwenye sombe (majani ya muhogo) bila kitu. Mimi ninauza mafuta ya kupikia Kadutu na ninaona jambo hilohilo.

#3 Fundi_Hesabu_Ibanda
Kabla ya kutafuta sababu tuangalie mchoro wenyewe. Mama, chini ya mchoro kunaandikwa nini? Tarehe, au namba 1, 2, 3 hadi 203?

Ninauliza kwa sababu Excel ikikuta tarehe imeandikwa kama maneno, katika mchoro wa nukta inaitupa na kuweka 1, 2, 3 mahali pake. Hapo siku mbili zilizofuatana na siku mbili zilizopishana juma nzima zinakaa umbali uleule. Wewe huendi sokoni kila siku, kwa hiyo vilima vyako vinaweza kuwa vimebanwa upande mmoja na kuvutwa upande mwingine.

#4 Muuza_Sambaza_Nguba
Mwalimu, ni kweli! Kuna 1 hadi 203. Mtoto aliandika “12 machi” na “3 apr” kwa maneno. Tufanye nini?

#5 Fundi_Hesabu_Ibanda
Aandike upya kwa namba, siku/mwezi/mwaka, na aangalie simu yake inafuata mpangilio gani. Simu ikiwa ya mtindo wa Marekani, 03/04 itakuwa tarehe 4 ya mwezi wa tatu, nawe ulimaanisha tarehe 3 ya mwezi wa nne. Njia ya kuhakikisha: abadili safu ile ionekane kama namba ya kawaida. Tarehe 1 Januari 2024 inapaswa kutoa 45292, na tarehe 25 Januari itoe 45316. Akiona hivyo, simu imeelewa.

#6 Mjukuu_wa_Mvuvi
Nimezaliwa kisiwa cha Idjwi, babu alikuwa mvuvi. Mwana_Kadutu (#2), mshahara wa nini? Sambaza anavuliwa usiku kwa taa. Mitumbwi mitatu inafungwa pamoja, taa inawashwa, samaki wanaifuata, wavu unapandishwa. Mbalamwezi ikijaa, ziwa lote linakuwa na mwanga, samaki hawana haja ya kufuata taa yako, wanatawanyika. Timu nyingi hata haziendi zile siku. Samaki wachache, bei juu. Mwezi wa angani ndio unaotengeneza vilima vya mama.

#7 Mwana_Kadutu
Mjukuu, mwezi wa angani na mwezi wa mshahara yote ni miezi. 12 na 12. Utatofautishaje?

#8 Fundi_Hesabu_Ibanda
Hilo ndilo swali zuri kuliko yote hapa, na linajibika, kwa sababu miezi hiyo miwili haiendi sawa.

Mwezi wa angani una siku 29 na nusu. Ishirini na tisa na nusu mara 12 ni 354, si 366 za 2024. Kwa hiyo mwezi mpevu unarudi nyuma kwenye kalenda. Mwaka ule ulijaa tarehe 25 Januari, 24 Februari, 25 Machi, 24 Aprili, 23 Mei, 22 Juni, 21 Julai, 19 Agosti, 18 Septemba, 17 Oktoba, 15 Novemba, 15 Desemba. Umeanza karibu na mwisho wa mwezi, pale pa mshahara wa Mwana_Kadutu, ukamaliza mwaka katikati ya mwezi.

Basi mama, usiangalie Januari hadi Machi; kule wote wawili watadai ushindi. Angalia Septemba hadi Desemba. Halafu tengeneza michoro miwili mipya kwa data ileile. Wa kwanza: chini weka tarehe ya mwezi, 1 hadi 31, miezi yote ikalaliane. Wa pili: chini weka idadi ya usiku tangu mwezi kuandama, 0 hadi 29. Kama sababu ni mshahara, mchoro wa kwanza utaonyesha kilima kimoja safi na wa pili utakuwa vurugu. Kama ni mbalamwezi, kinyume chake.

#9 Kambisti_Nyawera
Ninyi mnapima kwa faranga! Kaye ya 2019 hadi leo ukiichora kwa faranga, sehemu kubwa ya mpando ni dola inayopanda, samaki hana habari. Wanaokumbuka: mwanzo wa 2016 dola ilikuwa chini ya faranga 1,000, mwisho wa 2017 ilikuwa karibu 1,600. Bidhaa yoyote ungechora miaka ile ingeonekana imepata mbawa. Mama, ongeza safu ya bei ya dola ya siku ile, gawanya, uchore tena.

#10 Muuza_Sambaza_Nguba
Papa Kambisti, wavuvi wananiuzia kwa faranga na wateja wananilipa kwa faranga. Dola siioni.

#11 Kambisti_Nyawera
Huioni, lakini petroli ya pikipiki inayokubeba, nyavu na betri za taa za wavuvi, vyote vinahesabiwa kwa dola. Kwa mwaka mmoja wa 2024 unaweza kuacha. Kwa miaka mitano usiache.

#12 Birere_Goma
Salamu kutoka Goma. Nilipochora bei ya makala yangu (mkaa wa kupikia) sikupata wingu, nilipata rafu za duka! Nukta zote zimelala kwenye mistari: 500, 1,000, 1,500, hakuna kitu katikati. Sababu ni chenji. Nani atakupa faranga 50? Kwa hiyo bei haipandi polepole, inakaa, inakaa, halafu inaruka rafu nzima. Na nukta 20 zikiangukia mahali pamoja unaona nukta moja. Nilidhani siku za 1,500 ni chache, kumbe zilikuwa zimelaliana. Sasa ninachora vijiduara vitupu visivyojazwa rangi; vikilaliana vinaonekana.

Tena, bei inapokataa kuruka, kipimo ndicho kinachopungua. Mfuko wa makala ni uleule kwa jina, ila kile kichwa cha juu kinachofungwa kwa majani kimekuwa kifupi. Mchoro wa bei unasema hakuna kilichobadilika, jiko linasema tofauti. Mama, kilo yako unapima kwa mizani au kwa beseni?

#13 Muuza_Sambaza_Nguba
Yaya wa Goma, umenigusa. Hadi Aprili nilipima kwa beseni nikikadiria kilo. Mizani nimenunua mwezi wa tano.

#14 Fundi_Hesabu_Ibanda
Basi nukta za beseni zipewe rangi yake, za mizani rangi nyingine. Usizifute. Ila ukiona ngazi pale Mei, usiitafutie sababu ziwani.

#15 Lushi_Soko_Kenya
Hapa Lubumbashi tunachora unga wa mahindi, mfuko wa kilo 25. Kwetu wimbi si la mwezi, ni la mwaka. Mavuno yakiingia kuanzia mwezi wa nne bei inashuka. Kuanzia Desemba mpaka Machi inapanda. Na unga wetu mwingi unapita mpaka wa Kasumbalesa kutoka Zambia, kwa hiyo jirani akikosa mvua na sisi tunakosa bukari (ugali). Zambia walipotangaza janga la ukame mwishoni mwa Februari 2024, nukta zangu za mwaka ule hazikushuka kama kawaida.

Mimi natumia njia hii: chini naweka mwezi, Januari hadi Desemba, na kila mwaka rangi yake. Kila posho nukta moja. Mwaka wenye kasoro unajitenga wenyewe juu ya wenzake. Ukichora miaka yote kwa mstari mmoja mrefu huoni, maana wimbi la kawaida linaficha mwaka mbaya.

#16 Mwana_Kadutu
“Kila posho nukta moja”? Kwetu posho ni chakula, mnachora chakula juu ya chakula?

#17 Lushi_Soko_Kenya
Posho ni juma, mwana wa Kadutu. Zamani kazini kule migodini chakula kiligawiwa kila juma, juma likachukua jina lake. Na ni bukari, si bugali.

#18 Mjukuu_wa_Mvuvi
Hapo mmeanza vita nyingine. Bugali ni bugali.

#19 Muuza_Sambaza_Nguba
Nimerudi. Umeme ulikatika siku mbili, tumemalizia kwa simu ya jirani. Tarehe sasa ni za kweli, 45292 imetoka.

Nimeangalia vilima kimoja kimoja, na kaye mkononi:
Januari, kilele kati ya 26 na 30. Machi, 26 hadi 29. Juni, 21 hadi 25. Septemba, 19 hadi 22 (hapa ndipo nilipopotea na deni). Novemba, 16 hadi 19. Kwa hiyo kilima kinatembea kurudi nyuma kama mwalimu alivyosema, nacho mara nyingi kinachelewa siku moja mpaka nne nyuma ya mbalamwezi.

Lakini Mei hakikutembea. Kilele kilikuwa 30 na 31. Agosti kuna vilele viwili, kimoja 20, kingine 31. Na Desemba kuna kidogo tarehe 16, halafu kikubwa sana 22 hadi 24.

Mchoro wa usiku wa mwezi: kuanzia Juni hadi Septemba ni mzuri sana, nukta zinapanda kuanzia usiku wa 13 na zinashuka baada ya 19. Februari hadi Mei ni vurugu tupu.

#20 Mjukuu_wa_Mvuvi
Mbalamwezi! Nilisema.

#21 Mwana_Kadutu
Na Mei? Na tarehe 31 Agosti? Wazazi wanajiandaa kwa Septemba, shule zinafunguliwa, nani ananunua samaki kama hana mshahara mkononi? Desemba 24 ni mkesha wa Noeli, mbalamwezi ilishapita siku tisa.

#22 Mwalimu_wa_Msingi
Samahani, nasahihisha kitu kimoja. Mnasema mshahara kama unakuja tarehe 30. Mimi ni mwalimu. Unaweza kuja tarehe 18 mwezi huu na tarehe 27 mwezi ujao. Kwa hiyo ule mchoro wa 1 hadi 31 wa #8 hauwezi kuonyesha kilima cha mshahara wetu hata kama kipo; kitatawanyika kote. Kumkata Mwana_Kadutu kwa mchoro ule si haki. Inatakiwa tarehe halisi ambazo watu walilipwa. Nina zangu za mwaka mzima kwenye ujumbe wa simu, nitamtumia mama.

#23 Fundi_Hesabu_Ibanda
Mwenzangu, umenisahihisha na ninakubali. Nilichukulia mshahara kama saa, kumbe si saa.

#24 Kambisti_Nyawera
Kuna mchoro mwingine ambao hauhitaji kalenda yoyote. Mama ana kilo alizobeba. Weka kilo chini, bei pembeni, kila nukta ni siku moja. Kisha zipe rangi nukta za vilima.

Kama samaki amekosekana ziwani, siku za bei ya juu zitakuwa siku za kilo chache: nukta zinakaa juu kushoto. Kama wateja wameongezeka, bei juu na kilo nyingi pamoja: juu kulia. Hapo muda uko ndani ya rangi, na mchoro unakwambia nani alisogea, muuzaji au mnunuzi.

#25 Muuza_Sambaza_Nguba
Nimefanya usiku huuhuu. Septemba, juu kushoto. Novemba, juu kushoto. Desemba, juu kulia, mbali kabisa na wenzake. Mei, juu kulia. Agosti zimegawanyika, za tarehe 20 kushoto na za tarehe 31 katikati. Nilikaa nikitazama simu mpaka chai ikapoa. Hizi siku nilizibeba kichwani mwangu mwenyewe na sikuwahi kuziona.

#26 Birere_Goma
Mama, hongera, lakini tuwe waangalifu. Kilo ulizobeba si kilo zilizovuliwa. Unabeba kulingana na mtaji wako. Bei ikipanda na una faranga 200,000 tu, lazima ubebe kidogo, hata kama pwani kuna marobota ya samaki. Kwa hiyo “juu kushoto” inaweza kuwa mfuko wako, si ziwa. Na Septemba ulikuwa na pesa ya likelemba, ndiyo maana ningependa kuona kama ile siku moja ya deni imekaa kulia.

#27 Muuza_Sambaza_Nguba
Imekaa kulia. Peke yake.

#28 Msomaji_wa_Muhumba
Nimefuata uzi tangu mwanzo. Onyo kwa sisi wote: vitu viwili vikipanda pamoja na miaka, mchoro wa nukta utaonyesha mstari mzuri hata kama havijuani. Mimi nilichora mauzo ya butiki yangu dhidi ya idadi ya pikipiki za teksi mtaani, 2018 hadi 2023, zikapangana kama askari. Nikaamini pikipiki zinaniletea wateja, nikahamisha butiki karibu na kituo chao. Sikupata kitu. Vyote vilikua kwa sababu mji ulikua. Mwanatakwimu Udny Yule alishalieleza jambo hili mwaka 1926.

Dawa ni kuchora mabadiliko: bei ya juma hili kutoa bei ya juma lililopita, dhidi ya badiliko la kile kingine. Nilipofanya hivyo, mstari wangu uliyeyuka kuwa wingu la duara.

Na mchoro huu wa nukta ni wa zamani, ila si wa Mskoti William Playfair kama wengine wanavyodhani. Playfair alichapisha grafu za mistari na za nguzo mwaka 1786. Kwa ule wa nukta wanatajwa zaidi mtaalamu wa nyota John Herschel, aliyeutumia 1833 kwa nyota pacha zinazozungukana, na baadaye mwanasayansi Francis Galton kwa urefu wa wazazi na watoto.

#29 Lushi_Soko_Kenya
Na mchumi Phillips wa New Zealand, 1958, ukosefu wa kazi Uingereza dhidi ya kasi ya kubadilika kwa mishahara, kuanzia 1861 hadi 1957. Kila nukta ina mwaka wake. Ukiunganisha nukta kwa kufuata miaka unaona zinazunguka, haziendi na kurudi njia moja. Unga wangu dhidi ya bei ya dola unafanya hivyo pia: dola ikipanda unga unafuata upesi, dola ikishuka unga unakaa juu.

#30 Kambisti_Nyawera
Hilo la kushuka polepole kila mama wa sokoni Bukavu atakuapia.

#31 Mjukuu_wa_Mvuvi
Nimempigia mjomba simu, bado anavua. Anasema Februari hadi Mei tusahau mwezi: kuna mvua na pepo, mawimbi yakiwa makubwa mitumbwi mitatu haiwezi kukaa imefungwa, na mawingu yanafunika mbalamwezi yenyewe. Kwa hiyo vurugu ya #19 ina sababu.

Halafu ameongeza jambo ambalo hakuna aliyelitaja. Upande wa Rwanda huwa wanafunga uvuvi wa sambaza miezi miwili hivi kila mwaka ili samaki wazae. Wakifunga, wanunuzi wa kule wanatafuta samaki wa huku. Labda Agosti na Septemba za mama zina mkono wa Ruzizi, mto wa mpakani, si mwezi peke yake.

#32 Mwana_Kadutu
Na ndakala, dagaa wa ziwa Tanganyika, kutoka Uvira je? Barabara ya Kamanyola ikiwa mbaya kwa mvua, ndakala hawafiki, watu wote wanakimbilia sambaza. Hiyo ni Machi na Aprili. Ninabaki na mshahara wangu, lakini ninauongezea barabara.

#33 Fundi_Hesabu_Ibanda
Sasa tuna mbalamwezi, mshahara, Noeli, upepo, mpaka, barabara na mfuko wa mama, kwa nukta 203. Mwaka mmoja hauwezi kuzitenganisha zote. Kaye za 2019 hadi 2023 zipo?

#34 Muuza_Sambaza_Nguba
Zipo nne. Ya 2021 ililowa mvua, kurasa za Machi zimeshikana. Mtoto wa yaya ameanza kuingiza 2023.

Mwalimu wa #22, tarehe zako zimefika, aksanti sana. Nimezichora kama mistari ya wima juu ya nukta zangu: Mei inagusa, Februari inagusa, Oktoba haigusi kabisa.

Katika kaye mpya nimepiga safu tatu zaidi: upepo (ndiyo/hapana), ndakala wamefika au hawajafika, na pesa niliyokuwa nayo mkononi asubuhi ile. Kesho saa kumi na moja ninashuka ziwani, nitaanza na hizo.

#35 Mjukuu_wa_Mvuvi
Weka na ya nne, mama: uliona mwezi au mawingu.